Kwa Esha, Anayekwenda Kutengeneza Gemu kwa Ilyas

Mwanangu Esha,

Salamu za karatasini nakupunguzia, maana za mdomoni umezipata tangu juzi mpaka umechoka nazo. Wewe umetoka kwenda kuwaaga mama zako wadogo. Babako yuko ukumbini, anafunga sanduku lako kwa kamba kana kwamba haliendi kupanda ndege, linakwenda kuburutwa na punda. Habari za pasipoti, za laini ya simu, za kumjua jirani kabla ya kumjua mwenye nyumba, nimemwachia yeye. Anazipenda na ana sauti ya kuzirudia. Mimi nimekuja kukaa ofisini. Wanafunzi wametoka kwa sala ya alasiri, jenereta nimeizima, na nakuandikia kwa kalamu. Nimeishi kwa kuandika kwa vidole kumi, na sasa mkono unaniuma kabla ukurasa haujajaa.

Nakuandikia kwa sababu ya mchuzi.

Wajua ninalosema. Ijumaa ile tulipokuwa tunakula, ulivuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama kuokota kombe, ukasema yote kwa mkupuo mmoja: "Mama nimepata kazi Nairobi ni kampuni ya Ilyas wananitaka mwezi ujao." Kisha ukaangalia sahani yako. Nami nikasema, "Sogeza mchuzi."

Basi. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo. Ukausogeza, ukainuka, ukaenda jikoni ukafungua maji yakamwagika muda mrefu na vyombo vyote vilikuwa bado mezani. Babako akanitazama kama mtu aliyeona gari likimpitia kuku.

Haikuwa hasira, mwanangu. Nilikuwa najua. Ilyas alinipigia simu mimi kabla hajakupigia wewe, na tangu siku hiyo nilikuwa nakuona ukizunguka nyumbani na siri yako kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, na nilikuwa nimejiandaa kushangaa utakaponiambia. Nilijizoeza kabisa, mbele ya kioo. Saa ilipofika, kushangaa kukanishinda, na kusema kwamba najua kukanishinda pia, nikaomba mchuzi. Mimi hutengeneza michezo ya kuigiza maisha ya watu wengine. Yangu mwenyewe siwezi kuyaigiza.

Sitaki uondoke ukidhani kwamba umenisaliti. Wewe unakumbuka makelele ya siku Ilyas alipotoka hapa. Ulikuwa mdogo, umekaa chini ya meza yangu unapaka rangi, na umekua ukidhani kelele zile ndizo mwisho wa habari. Sikukueleza zilizofuata. Leo nakueleza, lakini lazima nianzie nyuma kidogo, kwa sababu Ilyas hakugombana na mimi wa siku ile tu.

Vita vya Somalia vilipotukimbiza kutoka kisiwa chetu cha Chovae nilikuwa mtoto wa chuoni, juzuu ya kwanza bado haijanikaa sawa. Mombasa tukapanga chumba. Babu yako Lali, seremala wa vyombo vya bahari ambaye mkono wake ulijulikana visiwani kote, akawa mlinzi wa ghala la saruji. Hakulalamika. Alikaa kwenye kiti cha ghala kama alivyokuwa akikaa kwenye gogo lake la kazi, mgongo wima, na watu wakamwamkia kwa heshima bila kujua kwa nini.

Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye saiba. Nilikuwa nawafungulia watu intaneti, nachapisha barua za kuomba kazi, nafuta vumbi. Vijana walikuja kucheza gemu, na nilikuwa nasimama nyuma yao natazama kibwana kimoja kinachoruka mashimo. Siku moja kikanijia kitu ambacho mpaka leo sijapona. Nilijiuliza: nani aliyeamua kwamba aruke kimo kile? Angeruka chini kidogo, asingevuka. Angeruka juu zaidi, isingekuwa tamu. Kwa hiyo mahali fulani kuna mtu alikaa, akajaribu, akapunguza, akaongeza, mpaka akasema hapa. Na mtu huyo hakuwa malaika. Alikuwa na kiti na kompyuta kama hizi ninazofuta vumbi.

Basi nikaanza kujifunza. Wateja wakipungua mchana nilikuwa nasoma masomo ya bure kwa Kiingereza ambacho nusu yake nilikuwa nakisia. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ya simu za vibonyezo, na ndani yake kulikuwa na mbuzi wa jirani anayekula nguo kambani na mama mmoja anayemkimbiza na ufagio. Nikawapa marafiki, marafiki wakatumiana kwa bluutuu. Nikaisahau. Kisha mtoto wa shule akaja saiba kuchapisha kazi yake, akaniona nimeshika simu.

"Auntie, una ile ya mbuzi?"

"Ipi?"

"Hii. Washa bluutuu nikutumie. Ila usipite kwa kisima, mbuzi anakuzunguka."

Nikawasha. Nikapokea gemu yangu mwenyewe kutoka kwa mtoto nisiyemjua, pamoja na nasaha ya jinsi ya kuicheza, nikasema asante. Tangu wakati ule nimepewa vyeti na nimepigwa picha kwenye kumbi zenye mazulia. Sijapata furaha iliyoishinda ile.

Hapo ndipo alipokuja Karim. Yeye alikuwa muuzaji wa simu, kijana wa Mombasa mwenye ulimi wa asali, na alijua kuuza kuliko nilivyojua kutengeneza. Tukafungua kampuni. Tuliajiri vijana, tukapata chumba chenye feni. Simu za kugusa kioo zilikuwa zimeanza kuenea na Karim akasema watu wanataka vita. Nami nilikuwa na vita kichwani, sikuhitaji kwenda kuvitafuta. Nikauchora mji wa Kismayo kama nilivyoukumbuka: barabara ya bandarini, soko, msikiti wenye ngazi, vichochoro vya karibu na nyumba ya shangazi yangu Mwanaidi, dada yake babu yako, tulipokuwa tunafikia kila tulipovuka kutoka kisiwani. Niliuchora vizuri, Esha. Mji nilioukimbia niliujenga upya nyumba kwa nyumba, ili watu wapigane risasi ndani yake.

Gemu ikapendwa mno. Watu wa mbali waliandika kwamba haijapata kuonekana gemu ya vita inayofanana hivi na mji wa kweli. Nilivimba kichwa. Nikamwalika babu yako ofisini, nikampa simu mkononi, nikamfundisha kuishika. Nakuandikia Kiswahili cha shule, lakini babu yako nitamwacha aseme Kibajuni chake.

Akacheza kidogo. Akasimama.

"Hawa wachu wakifa, waenda wapi?"

"Wanafutwa, Baba. Simu haina nafasi. Tukiwaacha wajazane, gemu inakwama."

"Kwa hiyo hawazikwi."

"Ni gemu, Baba."

"Naona ni gemu." Akanionyesha kwa kidole, bila kugusa kioo. "Na hii naona ni nyumba ya Mwanaidi."

Shangazi Mwanaidi alibaki Kismayo siku tuliyoondoka. Mpaka leo hatujui alipolazwa.

Babu yako akanirudishia simu taratibu kama unavyorudisha kikombe chenye chai, akaomba maji, akaniuliza kama mwenye jengo ni mtu mwema. Hakulizungumza tena neno lile, siku ile wala siku yoyote. Laiti angenigombeza, ningepata pa kujitetea.

Sikuifuta gemu siku ile. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wanaponihadithia huwa wananifanya mtakatifu wa papo hapo. Nilikaa nayo muda, nikijiambia kwamba kazi ni kazi. Ilipofika zamu ya kutengeneza sehemu ya pili, Karim akaleta wazo la mapigano ndani ya shule, na mimi nikainuka mbele ya vijana wote wa ofisi nikasema siitengenezi, na ile ya kwanza naiondoa.

"Somoe," akaniambia, "wewe wataka biashara au wataka matanga?"

Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Nilikuwa na haki, na nilimfedhehesha mtu mbele ya wafanyakazi wake. Haki ile ningeweza kumpelekea asubuhi yake kwa chai, mlango umefungwa, naye angeweza kubadilika bila kuonekana ameshindwa. Huenda tungekuwa pamoja hadi leo, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hana Mwanaidi, basi. Nami sikuwahi kumwambia habari za Mwanaidi. Nilitaka aelewe kitu ambacho sikumwonyesha.

Kampuni ikavunjika. Babu yako akafariki, akazikwa Mombasa, kaburi ninalolijua. Wewe ulikuwa unaanza kutembea. Nikamwambia babako twende Kismayo.

Unajua watu walisemaje. Wenye akili zao walikuwa wakitoka, sisi tunaingia. Lakini nilikuwa nimechoka kuuchora mji huu kwa kumbukumbu. Babako akapata kazi ya kuunda maboti, mimi nikapangisha vyumba hivi juu ya duka la vitambaa, nikabandika karatasi mlangoni kwa Kisomali na Kiswahili kwamba anayetaka kujifunza kutengeneza gemu apande ngazi. Kwa muda hakupanda mtu ila muuza duka, kuja kuuliza gemu ni kitu gani na kama kitaharibu vitambaa vyake.

Wa kwanza kupanda kwa nia alikuwa Ilyas. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa jenereta, na alikuwa amekuja kurekebisha hii hii niliyoizima sasa hivi. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama nyuma yangu akitazama nikimrekebisha kibwana mmoja asipite ukutani, kisha akauliza kwa Kisomali, "Edo, nani huamua aende mbio kiasi gani?"

Aliniita edo, shangazi, kwa adabu tu kama wanavyoita vijana wa hapa. Sijui kama unaelewa jinsi swali lake lilivyonishika. Nilimvutia kiti.

Alijifunza upesi kuliko mtu yeyote niliyepata kumfundisha, na nakuhesabu na wewe. Tulipokwenda naye Chovae kwenye harusi ya binamu yangu, nikawasikia wanawake wakipiga vugo, zile pembe za nyati zikilizwa kwa vijiti, na kwaya ya bibi harusi ikijibu, mimi na yeye tulikuwa na wazo moja kabla hatujaambizana. Gemu ya vugo. Mchezaji apige pembe kwenye kioo kwa kufuata mwendo, na harusi isonge mbele kwa mkono wake.

Bi Kombo, kiongozi wa wapigaji, nilipomwomba atupigie tunase sauti, alinikazia macho.

"Nani aolewa?"

"Hakuna, Bi. Ni kwa ajili ya kunasa tu."

"Vugo halipigwi bure, mwanangu. Lete bibi harusi."

Basi tukangoja mpaka kisiwani kukaolewa mtu wa kweli. Ilyas hakuruhusiwa kuwa ndani na wanawake, akabaki nje na upande wa bwana harusi, vifaa vya kusikilizia masikioni, akinipa ishara kupitia kwa watoto wanaoingia na kutoka. Maikrofoni moja niliishika mimi, ya pili uliishika wewe, kwa mikono miwili, umenuna. Kwenye sauti ile kuna mahali unasikika ukisema, "Mama, nina njaa." Ilyas alikataa kuifuta. Imo ndani ya gemu mpaka leo, watu wanaicheza Mombasa na Oslo na hawajui ni nani mwenye njaa.

Sasa nafika kwenye kelele.

Katika gemu nyingi, mchezaji akikosea anapoteza kitu: uhai, pointi, zamu. Ilyas akaja na wazo kwamba kwetu asipoteze. Akikosa mpigo, wanawake wapunguze mwendo, wamngoje, wamrudishe ndani, kisha waendelee naye. "Ndivyo walivyofanya kule, edo," akaniambia. "Nilisikia. Kuna binti mdogo kati ya wapigaji aliyepoteza mpigo, nao wakamngoja."

Nikamwambia bila kushindwa hakuna mchezo. Nikamwambia nimefanya kazi hii tangu yeye anacheza mchangani. Akanisikiliza, akaitengeneza kwa namna yake kwa kuwa nilikuwa nimempa sehemu ile iwe yake. Siku chache kabla ya kuitoa gemu kwa watu, yeye akiwa amekwenda kumwona mamake, nikaiondoa kazi yake na kuweka yangu: ukikosea harusi inasimama, unaanza upya. Sikumwambia. Nilijiambia nitamwambia.

Aliijua siku gemu ilipotoka, kwa kuicheza kwenye simu ya rafiki yake. Akapanda ngazi zile. Ulikuwa hapo chini ya meza.

"Edo, umeibadilisha."

"Nimeirekebisha."

"Ungeniambia si nzuri, ningeitoa mwenyewe."

"Ungebishana."

"Ningebishana, ndiyo! Si ndiyo kazi? Umenifundisha kuamua, edo, kisha waamua wewe."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Unakumbuka sauti, sijui kama unakumbuka maneno. Nilisema kwamba nilimkuta na mafuta ya jenereta mikononi. Nikasema mbele ya wanafunzi wote. Ilyas akaiangalia mikono yake, kweli aliiangalia, akachukua koti lake akashuka. Mimi niliyejilaumu miaka yote ile kwa jinsi nilivyomfedhehesha Karim, nilirudia kosa lile lile, na safari hii hata haki sikuwa nayo.

Hapo ndipo kumbukumbu yako inapoishia. Yaliyofuata ni haya.

Gemu ilidorora. Watu waliifungua, wakakosea, wakaanza upya, wakakosea, wakaifunga. Nikairudisha kazi ya Ilyas kama alivyoiacha, sikugusa hata herufi. Majibu yakabadilika. Mwanamke mmoja wa Kibajuni anayeishi ughaibuni aliniandikia kwamba hajahudhuria harusi ya kwao tangu utotoni na kwamba wale wanawake walipomngoja, alilia jikoni kwake. Hapo gemu ikapaa, na gemu hiyo ndiyo iliyokusomesha wewe.

Nikaenda kwa mamake Ilyas kuomba radhi. Akanikaribisha kwa chai ya maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu ameshakwenda Nairobi. Maneno mazuri hayo. Mwambie mwenyewe, mimi si simu."

Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena siku nyingine, hakupokea. Nikafanya kitu cha kweli nilichoweza: nikaliweka jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya waliotengeneza, juu ya langu, nikaandika kwamba wazo la kungoja ni lake, nikamtumia gemu hiyo mpya na maneno mawili, "Ulikuwa sahihi." Kimya kikawa kirefu mpaka nikakizoea. Kisha siku moja ukaja ujumbe kutoka kwake. Hakukuwa na salamu wala msamaha ndani yake. Aliandika hitilafu tatu alizozigundua kwenye gemu, na mwishoni, "Edo, ile ya pili ni ya aibu."

Nilicheka hadi muuza vitambaa akaja kuuliza kuna nini. Nikajua tumepatana.

Tangu hapo tumekuwa tukizungumza. Wanafunzi wangu waliomaliza vizuri nimempelekea, naye ananitumia kazi zake kabla hazijatoka ili nizipekue. Huwa namwambia ninachokiona, naye mara nyingi hanifuati, na mara nyingi yuko sawa. Nyumbani sikumtaja kwa sababu sikujua nianzie wapi, na kila mwaka uliopita ulilifanya jambo kuwa refu zaidi kulianza. Hiyo ndiyo sababu pekee, na ni ya kijinga.

Sasa kuhusu simu aliyonipigia. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Edo, namtaka Esha kazini. Ukisema hapana, sitamwambia kitu."

"Kwa nini waniuliza mimi? Kazi ni yake. Mwulize yeye."

"Naogopa utaudhika."

"Ilyas, usimpe kazi kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ningemkimbia," akasema. "Nimeiona ile gemu yake ya watoto wanaotafuta kaa miambani. Maji yanavyorudi taratibu kabla hujajua kwamba yamerudi. Nani alimfundisha?"

"Hakuna. Nilimwambia ayaharakishe, akakataa."

"Basi namtaka zaidi."

Umesikia? Hukuchukuliwa kwa jina la mamako. Ulichukuliwa kwa kitu ulichokikataa. Nilipokata simu nilikaa hapa nilipokaa sasa, na nitakuambia nilichohisi, kwa sababu ndicho ambacho mchuzi ulikificha: nilijivuna. Kijana niliyemfukuza kwa ulimi wangu amejenga nyumba ambayo binti yangu anatamani kuingia, na anamtaka kwa jambo lile lile nililomfukuzia yeye. Ni wachache katika kazi hii waliolipwa hivyo.

Sina wasiwasi na kazi yako. Unaona vitu ambavyo mimi nilivijua baada ya kuchelewa. Nina neno dogo tu kuhusu watu. Siku moja, si mbali, Ilyas atakosea, maana ni mtu, tena amefundishwa na mimi. Atabadilisha kitu chako, au atasifiwa kwa kitu chako, au atachoka akasema neno. Usishuke ngazi siku hiyo hiyo. Mngoje atoke mkutanoni, mfungie mlango, mwambie lote, na uliseme kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, ndipo uchukue koti. Na ukiwa wewe ndiye mkubwa, maana utakuwa, wapo vijana watakaokuja nyuma ya kiti chako wakisimama kimya. Wavutie kiti. Halafu, na hapa ndipo pagumu, waache waharibu vitu vyao wenyewe.

Ukipata gemu ya kutengeneza yenye watu wanaokufa, mimi sikukatazi. Kumbuka tu kuuliza babu yako angeuliza nini.

Nairobi kuna baridi na watu wanatembea upesi. Watakuuliza Kismayo ni wapi na Bajuni ni kina nani, wengine kwa wema na wengine kwa pua. Usijibu kama mtu anayeomba kibali. Wafungulie vugo, waache wakosee, waache wangojwe.

Nimesikia mlango wa chini. Huenda ni wewe, kwa hiyo nafupisha.

Jana nimempa Hamdi meza yako ya hapa ofisini, yule binti wa kisiwa cha Kudha aliyekuwa akikaa karibu na dirisha na kompyuta ya kuazima. Anaanza kuitumia kesho, ukishapanda ndege. Najua ulidhani nitaiacha kama ilivyo, na kikombe chako na karatasi zako za rangi, na nilitaka kufanya hivyo. Lakini meza tupu ingekaa hapo ikikuita, nami ningekuwa nakuita kwa kinywa chake kila siku bila kufungua changu. Vitu vyako nimeviweka kwenye mfuko, uko nyumbani kabatini. Ukija likizo huna kazi hapa. Utakaa jikoni na mimi, utanionyesha unachotengeneza, mimi nitakuonyesha kilipokosewa, nawe utakuwa na ruhusa kamili ya kunikatalia.

Mamako anayekuombea na kukuamini,
Somoe